Kinaya na Ukavu wa Macho: Tatizo la Istilahi

Mifereji ikikauka wiki nzima mtaani Tena, Nairobi, mkazi akasema kwa utulivu, "Angalau tumeepukana na mafuriko," wasikilizaji hucheka, mwenyewe hacheki. Je, mhakiki auite nini ucheshi huu?

Si mchongoano. Mchezo huo wa vijana wa Eastlands, ambao jina lake linakumbusha kitenzi chongoa, yaani kutia ncha, hutaka mshindani na kicheko cha wazi. Si kejeli wala dhihaka, kwani hizo humlenga mtu ili kumdunisha. Tashtiti nayo hukusudia kuyafichua maovu ya jamii.

Linasalia neno kinaya. Katika balagha ya Kiarabu, kama alivyoifafanua Abd al-Qahir al-Jurjani katika karne ya 11, kinaya ni kulitaja jambo kwa kupitia lile linaloambatana nalo: "mwenye majivu mengi" ni mkarimu, kwa kuwa jiko lake halizimi. Wahakiki wa Kiswahili wamelielekeza neno hilo kwenye ukinzani baina ya lisemwalo na likusudiwalo. Kilichodumu katika mageuzi hayo ni stara: msemaji huisitiri maana, msikilizaji akaifunua.

Kwa hiyo, tafsiri sisisi ya "ucheshi mkavu" haifai. Kwa Mswahili, mwenye macho makavu ni mtu asiye na haya. Istilahi hiyo ingemfanya fidhuli yule mkazi wa Tena, ilhali utamu wa kauli yake umo katika kujistahi kwake. Kinaya kinatosha, mradi tumfundishe mwanafunzi kuisikiliza pia sauti ya msemaji.