Limfoma ya Burkitt katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira

Limfoma ya Burkitt ni saratani ya seli B, yaani chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili, ambayo huwapata zaidi watoto wadogo na mara nyingi huanzia kwenye taya: meno hulegea, shavu huvimba, na uvimbe huweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1958, kisha mwaka 1961 akazunguka Afrika Mashariki kwa gari na kubaini kwamba karibu na ikweta huwa nadra juu ya mita 1,500 hivi. Mpaka huo unapita kwenye miteremko ya Gusii, yaani eneo la Kisii na Nyamira, kwa kuwa mji wa Kisii uko karibu mita 1,700, ilhali Homa Bay iko chini kando ya ziwa.

Virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe uliotoka Uganda, huishi mwilini mwa karibu kila mtoto, awe wa mlimani au wa ziwani. Kinachotofautiana ni ulinzi. Seli T, walinzi wa mwili, huitambua seli iliyoambukizwa kwa vipande vya protini vinavyoanikwa juu yake, lakini ndani ya uvimbe virusi huzima karibu protini zao zote na kubakiza EBNA1, ambayo ina mfululizo mrefu wa glisini na alanini unaoizuia isikatwekatwe kwa urahisi, hivyo vipande vyake huanikwa kwa uchache mno. Virusi hivyo pia vina jeni ya kutengeneza mwigo wa interlukini 10, kemikali ambayo mwili wenyewe huitumia kutuliza mapambano.

Malaria ya mara kwa mara huongeza hatari ya saratani hii, kwani huzichochea seli B zigawanyike ovyo na huzichosha seli T. Watafiti waliowalinganisha watoto wa Kisumu na wa Nandi, nyanda za juu zenye malaria haba, waliona kinga dhidi ya virusi hivi ikiwa hafifu kwa watoto wa Kisumu wenye miaka 5 hadi 9. Kisii na Nyamira, ambako malaria huja kwa milipuko, hazina sababu ya kujiona salama kabisa, hasa kwa familia zinazoshuka na kupanda kati ya mlima na ziwa.

Ugonjwa huu hutibika kwa dawa kama saiklofosfamidi ukiwahiwa, kwa hiyo mtoto aliyevimba taya na kulegea meno apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asing'olewe meno tu na kurudishwa nyumbani.