Simba Asiyetoka London

Kijiko cha kwanza nilichopewa kukitambua nilikikosea. Niliandika kwenye kadi, "London, miaka ya 1820," nikaweka kalamu chini kwa kujiamini. Nyuma ya mpini kulikuwa na simba anayetembea, kichwa cha chui, kichwa cha mfalme na herufi moja. Nani mwingine angegonga mihuri hiyo kwenye fedha?

Mhadhiri wetu hakubisha. Alinipa kioo cha kukuzia na jedwali la herufi za London, akaniambia nitafute mwaka. Kwa Waingereza herufi ile hubadilika kila mwaka, na mzunguko mpya unapoanza, mwandiko wake nao hubadilika. Nilitafuta alasiri nzima. Herufi yangu haikuoana na mwaka wowote. Simba naye, nilipomtazama vizuri, alifanana na mbwa aliyechoka.

Kijiko kilitoka Canton, mji unaoitwa leo Guangzhou. Tangu 1757 hadi Vita vya Afyuni vilipokwisha mwaka 1842, biashara ya meli za Uingereza na Marekani nchini China ilibanwa kwenye bandari hiyo moja. Walifuata chai na hariri, na wakiwa huko wakaagiza vijiko kama vya kwao, kwa bei nafuu. Masonara wakanakili kila kitu, mihuri ikiwemo. Mimi siuiti utapeli. Mteja alijua amesimama mji gani, na simba kwa sonara yule huenda alikuwa pambo tu la nyuma ya mpini. Waliopotea ni warithi, kisha wakusanyaji, waliovipanga vijiko hivyo kabatini kama vya Kiingereza. Forbes, Kernan na Wilkins walichapisha kitabu chao kuhusu fedha hizi mwaka 1975 tu. Kabla ya hapo nisingekosea peke yangu.

Nilichokipenda zaidi ni madini yenyewe. Kiswahili kina neno moja, fedha, kwa madini na kwa pesa, na Canton mambo yalikuwa hivyo hasa. Meli zilileta sarafu za Kihispania, baadaye za Meksiko, na sonara aliziyeyusha akafua sahani. Sarafu ile ilihesabiwa kuwa reale nane. Ndiyo, reale, neno lile lile ambalo watu wa pwani yetu waliliita dola ya Maria Theresa. Sarafu ilikuwa na takriban sehemu 900 za fedha safi katika 1000, wakati kipimo cha Kiingereza ni 925. Ndiyo maana vyombo vingi vya baadaye vimegongwa 90. Ukiikuta namba hiyo pamoja na herufi za Kilatini na za Kichina, sahau miaka ya 1820. Uko mwishoni mwa karne ya 19 au mwanzoni mwa ya 20.

Kitu changu cha pili kilikuwa hivyo: kikombe chenye kishikio cha umbo la joka, na chini yake WH, 90, na herufi mbili za Kichina. Safari hii nilikuwa na haraka ya kufuta aibu. WH ni Wang Hing, duka lililojulikana sana Canton na Hong Kong. Nikaandika "Mtengenezaji: Wang Hing."

"Nani alikishika nyundo?" mhadhiri akauliza.

Wang Hing walikuwa wauzaji. Herufi za Kilatini zilikuwa za duka, kwa ajili ya macho ya mgeni. Zile mbili za Kichina ni za karakana iliyokifua kikombe. Kwa miaka mingi wanunuzi walisoma zile wanazozijua tu, na bei ikafuata jina la duka. Nami nilifanya hivyo hivyo, wiki mbili baada ya kudanganywa na simba.

Fomu ya kompyuta ina kisanduku kimoja cha mtengenezaji. Niliweka zile herufi mbili, nikahifadhi. Zikageuka viboksi viwili vitupu. Nikarudi kwenye kadi ya karatasi, nikaziiga kwa penseli, mstari mmoja mmoja. Mwenzangu wa darasa anayetoka China alizitazama, akacheka, akanionyesha mstari nilioanzia upande usio wake. Nikafuta, nikaanza tena.