Kifafa: Safari Ndefu ya Dawa Hadi Ubongoni

Hapa kwetu Kisii na Nyamira mtu akishikwa na kifafa wengine hukimbia. Ati amerogwa, ati mate yake yanaambukiza! Hebu tutazame historia inasemaje.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikiweka kifafa kati ya magonjwa ya ubongo. Mwaka 1857 daktari Charles Locock wa London alieleza faida ya bromaidi. Mwaka 1912 Ujerumani ikatoa fenobabitoni, kidonge cha bei nafuu kinachotumika hadi leo. Na miaka ya 1960, kule Mahenge, Tanganyika, Dkt. Louise Jilek-Aall aliwatibu watu waliokuwa wametengwa na jamii, wengi wakapata nafuu.

Tatizo lililobaki ni hili: mishipa ya ubongo ina ukuta unaozuia dawa nyingi. Ndiyo maana watafiti sasa wanajaribu teknolojia ya nano, yaani kuifunga dawa ndani ya chembe ndogo mno, ndogo kuliko seli ya damu, ili ipenye ukuta huo na kutoka polepole. Lakini kwa kifafa bado ni mambo ya maabara, si ya duka la dawa.

Basi ndugu mgonjwa, usiache kidonge chako kwa kungoja hiyo, wala kwa ajili ya saumu. Muulize daktari kwanza. Qur'an (2:185) imekuruhusu kufungua na kulipa siku nyingine. Nawe jirani, usikimbie. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, kaa naye mpaka azinduke.