Kusoma ni Kufanya Nini?

Mtoto wa Ekerenyo, Nyamira, hufundishwa darasani kwamba *read* ni kusoma, na somo likaishia hapo. Lakini vitenzi hivi viwili havikulelewa nyumba moja, na kila kimoja kimebeba picha yake ya mtu aliyeshika kitabu.

Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kitenzi cha Kiingereza kilikuwa *rædan*: kushauri, na pia kufumbua jambo lililofichika. *Riddle*, yaani kitendawili, ni ndugu yake wa damu. Mwingereza wa kale aliuona usomaji kuwa kazi ya kufumbua fumbo. Mjerumani, jirani yake, alishika *lesen*, kuokota na kuchagua, na hadi leo kitenzi hicho hutumika kwa uvunaji wa zabibu. *Legere* ya Kilatini nayo ilianzia kwenye kuokota. Mchuma chai wa Nyamira angeielewa picha hiyo upesi: vidole vinapita juu ya mchai, vinachukua majani mawili na chipukizi, vinaliacha jani lililokomaa.

Kwa Waarabu na Wayahudi ni sauti iliyotangulia. *Qara'a* ya Kiarabu, linakotokana jina la Kurani, ni kukariri na kusoma. *Qara* ya Kiebrania ni kuita kwa sauti. Kiswahili kimekaa upande huo. Pwani, Maulidi husomwa na Yasini husomwa, na huenda msomaji hana kitabu mkononi. Anachotakiwa kuwa nacho ni sauti, na watu wa kumsikiliza.

Bara, kusoma kuliandamana na dini. Waumini wa kwanza wa Buganda waliitwa *abasomi*, wa Ugikuyu wakaitwa *athomi*. Mganda hata leo anaweza kusema anakwenda kusoma, na kumbe anakwenda kusali. Kwetu Nyanza, Waadventista walifika Gendia mwaka 1906, Wakatoliki wakafungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, na lugha ya Ekegusii leo inasema *gosoma*. Chumba kilichofundishiwa herufi ndicho kilichofundishiwa sala.

Urithi huo ungalipo. Ingia Shule ya Sabato Jumamosi asubuhi uone. Kijana anasoma fungu, nyanya ambaye macho yamemwishia anamfuata kwa midomo, neno kwa neno, na kijana akiruka mstari nyanya anamkatiza: "Rudia hapo." Ni nani kati yao anayesoma? Kwa maana ya Pwani na ya Buganda, wote wawili.

Ajabu ni kwamba nyanya huyohuyo, akitoka nje ya kanisa, ataambiwa hakusoma. Siku hizi "amesoma" maana yake ana cheti, na "msomi" ni mwenye shahada. Inaniuma. Tumekichukua kitenzi kilichomkaribisha kila mwenye sikio, tukakifungia kwenye karatasi ya mtihani, kisha tukawatoa nje walioyahifadhi maandiko kabla sisi hatujazaliwa. Hata *rædan* isingewatenga, maana ushauri na ufumbuzi wa mafumbo ndiyo kazi yao nyumbani.

Mzazi, mtoto akileta kitabu jioni, usikague alama tu. Mwambie asome kwa sauti hadi jikoni wasikie, kisha nyanya yake aulizwe ameelewaje. Na usikubali nyanya huyo aitwe mtu asiyesoma.