Keki ya Epo Isiyokuwa na Epo

Nyumbani kwetu Krismasi ilikuwa na vitu vitatu: pilau, nguo mpya na keki ya epo. Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipogundua kwamba keki ile haikuwa na epo hata moja. Ndani yake kulikuwa na papai bichi.

Nililijua kwa bahati tu. Mama alinituma nikachume papai nyuma ya nyumba, nikachagua lililoiva vizuri, nikaja nalo nikijisifu. Akalitazama, akasema, "Hili ni la kula. Mimi nimetaka la keki." Nikasimama pale na papai langu mkononi, nikimwangalia anavyomenya lingine la kijani, anavyoliosha utomvu, analikata vipande vyembamba kama kucha za mwezi, kisha analiinjika na sukari, ndimu na kijiti cha mdalasini. Baada ya robo saa jikoni kulinuka kitu ambacho maisha yangu yote nilikuwa nikikiita epo.

Keki ile ilitoka kwa babu mzaa mama. Miaka ya 1930 alikuwa mpishi kwenye shamba la Mjerumani mmoja upande wa Usa River, chini ya Mlima Meru. Kijerumani hakukisoma. Vipimo vyake vilikuwa kikombe cha bati, kijiko cha chai, na maneno aliyomwachia mama: koroga mpaka mwiko uwe mzito kuugeuza. Epo zilikuwa adimu shambani, na bibi wa nyumba alitaka keki yake ya Jumapili, kwa hiyo papai likasimama mahali pa epo. Mama anashikilia kwamba wazo hilo lilikuwa la babu mwenyewe. Mimi namwamini, na msomaji aniruhusu upendeleo huo mdogo.

Mwaka huu nimeamua kuioka ile yenyewe, yenye epo za kweli, kwa namna wanavyooka kwao. Nilidhani ni shughuli ya jikoni ya saa moja. Imenichukua miezi, maana kila kiungo nilichokishika kilinivuta kwenda kusoma kitu.

Nianze na beking pauda. Zamani keki ya Kijerumani iliumuka kwa hamira au kwa mayai yaliyopigwa mpaka mkono uume. Mwaka 1891 mfamasia mmoja wa mji wa Bielefeld, August Oetker, alianza kuuza beking pauda katika vipakiti vidogo, kila kimoja kikitosha nusu kilo ya unga, kwa pfennig 10. Ndipo keki ikawa kitu cha kila nyumba, hata ya maskini. Sasa, tarehe 1 Januari mwaka huohuo wa 1891, serikali ya Ujerumani ilichukua rasmi utawala wa nchi yetu kutoka mikononi mwa kampuni iliyokuwa ikiiendesha. Sisemi kwamba mambo haya mawili yanahusiana. Nasema tu kwamba keki nyepesi ya Jumapili na Afrika Mashariki ya Kijerumani ni marika.

Kwetu huku mlimani walifika baadaye kidogo. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga kambi Akeri wakitaka kuanzisha kituo. Waliuawa usiku pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Kapteni Johannes wa Moshi akaja kulipiza. Nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Aliyewahi kukaa Meru anaelewa maana ya kukata migomba. Shamba la mahindi likichomwa utapanda tena msimu ujao. Mgomba ni chakula, ni pombe, ni malisho ya ng'ombe, ni kivuli cha nyumba na ni urithi. Tarehe 2 Machi 1900, Moshi, walinyongwa Mangi Meli na viongozi wenzake wa Uchaga, Meru na Arusha, watu 19 siku moja. Kichwa cha Meli kinatafutwa hadi leo. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin, Stiftung Preußischer Kulturbesitz, ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha baadhi ya mafuvu iliyokuwa nayo na familia zilizo hai huku kwetu. Mafuvu yote kutoka Afrika Mashariki katika ghala hilo yalizidi 1,100. Nilisoma habari hiyo nikiwa nimesimama jikoni, nikaizima simu, nikaenda kukaa nje.

Boma la Arusha, lile jengo jeupe mwisho wa Barabara ya Boma ambalo sasa ni makumbusho, lilijengwa wakati huohuo, 1899 na 1900. Waarusha na Wameru ndio waliobeba mawe, kwa kulazimishwa. Baba wa babu yangu alikuwa mmoja wao. Hilo halimo katika kitabu chochote. Nimelipata kwa mama, naye kwa baba yake. Nikipita pale na wageni wa mjini huwa nawaonyesha ukuta. Wanapiga picha. Mimi huwa natazama ukubwa wa mawe.

Kisha wakaja walowezi. Kuanzia 1904 hivi Makaburu kutoka kusini walipewa ardhi kuzunguka mlima, wakafuatwa na Wajerumani waliokuwa wamehamia Urusi vizazi vingi nyuma, hawa wakawekwa upande wa Leganga. Wamisionari nao walikuwa wamesharudi, wakajenga Nkoaranga mwaka 1902. Reli ilikuwa bado mbali, iliingia Arusha mwaka 1929, na kabla ya hapo mzigo kutoka kituo cha Moshi ulikuja kwa magari ya ng'ombe. Vita ya kwanza ikawang'oa Wajerumani, Waingereza wakaingia mjini Machi 1916. Mwaka 1925 wakaruhusiwa kurudi, na wengi wakarudi. Mwajiri wa babu alikuwa kati ya hao waliorudi. Septemba 1939 vita ilipotangazwa wanaume wa Kijerumani walikusanywa wakawekwa kizuizini, na ajira ya babu ikaishia hapo. Aliondoka na sufuria moja na keki moja kichwani.

Hapa kuna jambo limenisumbua kuliko yote, nalo ni la lugha. Wajerumani walituachia maneno machache sana, lakini tazama ni yapi. Shule, kutoka Schule. Hela, kutoka heller, ile sarafu waliyoileta mwaka 1904, mia yake ikifanya rupia moja. Maneno haya mawili hakuna Mswahili anayeweza kumaliza siku bila kuyatamka, hasa la pili. Lakini neno lao la keki, Kuchen, halipo. Tumesubiri Mwingereza aje ndipo tukapata keki. Kwa nini? Jibu langu ni hili, na mwenye lingine alilete. Neno huhama pamoja na kitu chake. Shule ilifunguliwa kwa ajili ya watu wetu, na hela ilitafutwa na kila aliyedaiwa kodi. Keki haikutoka mezani. Aliyeioka alikuwa Mmeru au Mchaga, ikapita mlangoni ikiwa kwenye sinia, na sahani zikarudi zikiwa tupu. Mpishi hahitaji kukipa jina kitu asichokula.

Hata epo yenyewe imetupa tabu kuipa jina. Kamusi inasema tufaha. Pwani ukisema tofaa watakuletea lile tunda jekundu lenye majimaji, ambalo ni tunda jingine kabisa. Sokoni Kilombero ukisema tufaha utaonekana umetoka kwenye mtihani, sema epo. Wapenzi wa vitabu wafungue Mithali 25:11. Biblia ya Luther, ambayo wale wamisionari wa Nkoaranga walikua nayo, ina epo za dhahabu katika mstari huo. Biblia yetu ya Union Version, ya mwaka 1952, imeweka machungwa. Nawapenda sana watafsiri wale kwa hilo. Walifanya alichofanya babu na papai: msomaji apewe tunda analolijua.

Tena epo haikuwa ya Wajerumani tangu mwanzo. Asili yake ni milima ya Kazakhstan, ikasafiri na misafara hadi kufika Ulaya. Na mti wake una masharti: aina nyingi hutaka kulala saa mia kadhaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7 kabla ya kuchanua. Baridi ya Arusha ya Juni na Julai tunaijua, tunavaa makoti tukilalamika, lakini mti wa epo unaiona ni mzaha. Lushoto na nyanda za juu kusini wanajitahidi. Nyingi za sokoni kwetu zinatoka Afrika Kusini. Aprili 2025 serikali ilipozuia mazao ya kilimo ya Afrika Kusini na Malawi, zuio lililoondolewa baada ya siku chache, muuzaji wangu alinikazia macho akasema, "Dada, leo kula embe."

Basi nikaoka. Wajerumani wana keki za epo za kila namna, hii niliyochagua ndiyo nyepesi kuliko zote, wanaiita keki ya epo zilizozama. Siagi gramu 125 unaikoroga na sukari gramu 125 mpaka iwe nyeupe. Unaongeza mayai matatu, moja baada ya jingine, chumvi kidogo, ganda la limau lililoparuzwa. Unga wa ngano gramu 200 na vijiko viwili vya chai vya beking pauda, maziwa vijiko viwili vitatu. Epo tatu au nne zile chachu, unazimenya, unazikata robo, unatoa moyo, kisha mgongo wa kila kipande unauchanja mistari kwa kisu bila kukikata kikaisha. Unavipanga juu ya unga, mgongo ukitazama juu. Kwenye joto la nyuzi 180, dakika arobaini na kitu, unga unapanda na epo zinashuka, vikutane katikati.

Mara ya kwanza ilipanda kwa fujo, ikapasuka, kisha ikabonyea katikati kama godoro la gesti. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na beking pauda inafanya kazi kupita kiasi. Nilipunguza kijiko kimoja na nusu kikabaki, ikatulia. Mara ya pili umeme ulikatika nikiwa nimeshapanga epo. Nikawasha jiko la mkaa, nikaweka mchanga kwenye sufuria kubwa, sufuria ya keki ndani yake, mfuniko, na makaa juu. Mkaa juu, mkaa chini, kama wanavyopalia wali pwani na kuoka mkate wa mayai. Ilitoka nzuri kuliko ya oveni, ina ukoko wa rangi ya asali. Nikajua pia kwamba hivyo ndivyo babu alivyokuwa akiipika nyumbani kwake, maana oveni hakuwahi kuwa nayo.

Nilimpelekea mama Jumamosi ile, ikiwa bado ina joto ndani ya kanga.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea keki ya epo."

"Marahaba. Ya epo epo?"

"Ya epo epo."

Nilikuwa nimebeba swali pia. Nimekua nikimwona babu kila Krismasi anaisimamia keki ile, anaonja unga kwa ncha ya kidole, anapima makaa kwa kiganja, halafu ikishakatwa anachukua chai yake anakwenda kukaa chini ya mgomba. Tulidhani hapendi sukari. Lakini chai yake ilikuwa na vijiko vinne.

Mama alichukua muda kunijibu. Alisema baba yake babu, yule wa mawe ya boma, alikuwa bado hai mwanawe alipokwenda kuomba kazi jikoni kwa Mjerumani. Hakumkataza. Nyumba ilikuwa na kodi ya kulipa na migomba ilikuwa ndiyo kwanza imerudi kuwa migomba. Alimwambia kitu kimoja tu: wapikie, usile mezani kwao. Babu aliichukua kauli ile kwa uzito wake wote. Shamba lilipokwisha na Wajerumani walipokwisha, na yeye mwenyewe alipokuwa na meza yake, na kodi yake, na wajukuu wamejaa kitovuni mwa nyumba wakililia keki, bado hakula.

"Sasa kwa nini aliipika?" nikauliza.

"Nyie mlikuwa mnaipenda."

Alikata kipande, akakitafuna taratibu akitazama uani. Akakisukuma kile kipande cha epo pembeni ya sahani kwa kijiko, akala unga wake kwanza, mwisho akala na epo.

"Imeiva," alisema. "Ila hii ni ya dukani. Ndimu iko wapi?"

Nikamwambia mapishi yao hayana ndimu, yana ganda la limau tu.

"Basi hawajui," akasema mama, akanyanyuka kwenda nyuma ya nyumba kuangalia kama kuna papai bichi.