Mouttalos: nyumba ambazo wenyewe walihama



Tunaposoma sura ya 13 ya Matendo ya Mitume, Pafo tunaipita mbio. Paulo na Barnaba wanasimama mbele ya liwali Sergio Paulo, mchawi Elima anapofuka, kisha safari inaendelea. Nami nimeifundisha sura hiyo miaka mingi bila kuuliza yaliyoupata mji ule baadaye. Mji upo hadi leo, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Kupro, nao huandikwa Paphos. Bandari ya kale iko chini, pwani. Juu ya mwinuko uko mji wa Ktima, na ukingoni mwake mtaa wa Mouttalos, uliokuwa wa Waturuki.

Waosmani waliwanyang'anya Wavenisi kisiwa hicho mwaka 1570 na 1571. Kanisa la Hagia Sofia la Ktima likageuzwa kuwa msikiti, Cami Kebir, yaani Msikiti Mkubwa. Hata hivyo msidhani kwamba karne zilizofuata zilikuwa za uadui mtupu. Vijiji vingi vilikuwa vya mchanganyiko, Wagiriki na Waturuki wakiuziana na kununuliana. Mwaka 1878 Waingereza wakashika utawala.

Uhuru ulikuja mwaka 1960, pamoja na katiba iliyogawa vyeo kwa kabila: rais Mgiriki, makamu wake Mturuki. Desemba 1963 damu ilimwagika, na Machi 1964 mapigano yakafika Paphos. Waturuki wa vijiji jirani wakakimbilia Mouttalos, wakabanana humo miaka kumi.

Julai 1974 maofisa waliotaka kukiunganisha kisiwa na Ugiriki walimpindua rais, Askofu Mkuu Makarios, naye akatorokea Paphos. Siku tano baadaye jeshi la Uturuki likashuka pwani ya kaskazini. Jambo moja hunishangaza kila ninapolifikiri: Makarios alizaliwa katika kijiji cha wilaya ya Paphos, na Rauf Denktaş, kiongozi wa Waturuki, alizaliwa Paphos kwenyewe mwaka 1924. Walikuwa wana wa wilaya moja.

Agosti 1975, kwa mapatano ya Vienna, Waturuki wa kusini waliruhusiwa kuhamia kaskazini. Wengi wa Paphos walipelekwa Morphou, mji ambao Waturuki huuita Güzelyurt, wakaingia katika nyumba za Wagiriki waliokuwa wamekimbia. Nako Mouttalos, Wagiriki waliofukuzwa kaskazini waliwekwa katika nyumba za Waturuki. Kila upande ulilala chini ya paa la mwingine, na kila upande ulijua hivyo.

Tangu hapo ukuta unapasuka na hakuna anayeona ni kazi yake kuuziba. Upande wa kusini, mali ya Waturuki waliohama iko chini ya ulinzi wa Waziri wa Mambo ya Ndani, kwa sheria ya mwaka 1991. Mkaaji haruhusiwi kuiuza nyumba, wala mwenye hati hakai humo. Mimi simlaumu mkimbizi asiyetaka kutumia akiba yake kwa paa la mtu mwingine, hasa akiwa bado anasubiri kurudi kwake. Lakini nyumba hazisubiri. Nyingine zimebaki tupu, milango imefungwa.

Tarehe 23 Aprili 2003 kivuko cha kwanza kilifunguliwa katika mstari uliokigawa kisiwa, na watu wakapanga foleni ndefu. Walibisha hodi kwenye nyumba zao wenyewe. Wengine walikaribishwa kahawa, wengine hawakufunguliwa; wapo walioondoka na matunda ya mti waliouacha uani. Mwaka uliofuata, katika kura ya kuunganisha kisiwa, Waturuki walio wengi walikubali, na Wagiriki walio wengi wakakataa. Orodha ya waliopotea ina majina 2,002, ya Wagiriki 1,510 na ya Waturuki 492, na mifupa ingali ikichimbuliwa.

Hati za nyumba nyingi za Mouttalos bado zina majina ya waliohama. Warithi wao wengi wamezaliwa Güzelyurt, katika nyumba ambazo hati zake zina majina ya Kigiriki.