Mtu-chui wa Tintin: alitoka wapi?

Wengi wetu tulisoma Tintin kwa kuazimana, kitabu kinapita mkono kwa mkono mpaka jalada linatoka. Kwenye kile cha Congo, mtu mbaya ambaye mtoto hamsahau ni yule mganga, Muganga, mwenye kuvaa kama chui na kwenda kumuua Tintin.

Hergé alianza kuchora ile hadithi mwaka 1930, kwa gazeti la watoto la Brussels. Hakuwahi kufika Congo. Mtu-chui wake anafanana na sanamu ya Paul Wissaert ya mwaka 1913, kwenye jumba la makumbusho la Tervuren: mtu amefunika uso na nguo ya madoa, anamwinamia mwingine aliyelala.

Lakini jina Aniota halikutungwa. Anioto walikuwepo, tena si mbali na sisi: kwa Wabali, upande wa Wamba na Bafwasende. Beni waliitwa vihokohoko. Walikuwa watu wa damu na mifupa, wenye kucha za chuma na fimbo iliyochongwa sawa mguu wa chui, ya kuacha alama chini. Asubuhi kijiji kinaona alama, kinasema: ni chui. Ao kinasema: ni mtu mwenye kugeuka chui, roho yake inaingia ndani ya mnyama.

Ile imani ilikuwepo mbele yao. Wauaji waliitumia tu, juu iliwafaa. Kama aliyeua ni roho, nani ataenda kuuliza chifu?

Na chifu ndiye alipaswa kuulizwa. Mara nyingi nyuma ya mauaji kulikuwa ugomvi wa utawala. Wabelgiji wanamnyima huyu cheo, wanampa mpinzani wake. Kisha watu wa mpinzani wanaanza kufa, na wengi wao ni wanawake na watoto, wale ambao hawakugombania cheo chochote. Mkoloni naye alipenda habari ya ushenzi. Mtu-chui akiwa mnyama tu, hakuna haja ya kueleza nani alivuruga mambo ya machifu.

Mwaka 2002 Chéri Samba, mchoraji wetu wa Kinshasa, alichora ile sanamu: Waafrika wanaivuta kuitoa nje ya jumba, Wazungu wanaivuta kuibakisha. Jumba lilipofunguliwa upya mwaka 2018, sanamu iliwekwa chumba cha pembeni, pamoja na zingine za ukoloni.

Huku kwetu hadithi haijaingia chumba cha pembeni. Kijiji kikishambuliwa, mbele ya saa sita utasikia: wale si watu, wana dawa, risasi haiwapati. Tukipokea habari ya namna hiyo hapa redioni, tunauliza: walitokea njia gani, walisema luga gani, nani aliwapikia chakula usiku ule?